Jinsi ya kupiga picha ya eksposha ndefu ya gofu la meli ufukweni wakati jua linazama

Ukiangalia picha za magofu ya meli mtandaoni utaona nyingi ni ileile, chuma cheusi katikati, anga la chungwa, na maji yamelainishwa mpaka yamebaki kama maziwa. Ukiuliza imepigwaje jibu ni moja, weka filta nyeusi, hesabu dakika nne, umemaliza. Mi siafiki. Dakika nne kuna siku zinafaa ila mara nyingi zinafuta kitu kizuri kuliko vyote pale, yaani namna maji yanavyokizunguka kile chuma, yanavyoingia kwenye matundu na kutokea upande wa pili, yanavyorudi baharini yakiacha michirizi ya povu kwenye mchanga. Kwa hiyo hapa naeleza kila kitu kuanzia kuchagua siku mpaka kusafisha vifaa, ila swali la shata, lile pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia, ikae wazi muda gani (ndo eksposha yenyewe) nitalikalia zaidi.

Tuanze na meli yenyewe. Sio kila gofu linafaa machweo, na hii watu wanaigundua wakiwa wameshafika. Angalia ufukwe unatazama wapi. Peter Iredale kwa mfano, ile meli ya tanga ya chuma yenye milingoti minne iliyokwama Oregon kule Marekani mwaka 1906, iko kwenye ufukwe unaotazama magharibi, kwa hiyo jua linazama baharini nyuma ya mataruma yake, yaani mbavu za meli, na unapata kivuli cheusi kwenye anga lenye rangi bila kuhangaika. Helvetia pale Rhossili, Wales, iliyokwama 1887, nayo iko hivohivo, mbao zake zinachomoza mchangani maji yakikupwa na magharibi yote iko wazi mbele yako. Sasa chukua SS Maheno, iliyokwama 1935 kwenye kisiwa cha K'gari huko Australia. Ufukwe wake uko mashariki, jua linachomoza baharini na jioni linazama nyuma yako upande wa nchi kavu. Ukienda pale jioni ukitegemea jua nyuma ya meli utarudi mikono mitupu, ila ukienda ukijua hilo unapata kitu kingine kizuri tu, mwanga wa mwisho unaipiga kutu moja kwa moja na kutu inawaka nyekundu, halafu dakika chache baadaye anga la mashariki juu ya bahari linakuwa la waridi na buluu. Zote ni picha za machweo, ila mipango yake ni tofauti kabisa.

Na kuna magofu ambayo hata hayana maji tena. Eduard Bohlen kwenye pwani ya Namibia ilikwama 1909 na leo iko katikati ya mchanga, mamia ya mita kutoka baharini, kwa sababu jangwa limesogea. Pale eksposha ndefu itakusaidia kwa mawingu tu, na ukanda ule una ukungu mwingi, siku nyingine hata mawingu yenyewe huyaoni.

Kitu kingine cha kukumbuka, jua halizami sehemu moja mwaka mzima. Mwezi Juni linahamia upande wa kaskazini ya magharibi, Desemba upande wa kusini, na Machi na Septemba linazama karibu magharibi kamili. Kadiri ulivyo mbali na ikweta ndivyo linavyohama zaidi. Kwa hiyo picha uliyoiona ambayo jua limekaa sawasawa kati ya mataruma mawili huenda inawezekana wiki chache tu kwa mwaka. Ziko programu za simu zinazoonyesha mstari wa jua juu ya ramani kwa tarehe yoyote, tumia hizo, dakika tano nyumbani zinaokoa safari nzima.

Haya, maji. Kwangu mimi hili linatangulia hata kamera. Gofu lilelile maji yakiwa yamejaa ni kipande cha chuma katikati ya bahari, maji yakiwa nusu ni meli inayopigwa na mawimbi, na yakikupwa kabisa ni rundo la vyuma juu ya mchanga uliolowa wenye vidimbwi vinavyoakisi anga. Mi napenda hiyo ya katikati, pale maji yanafika kwenye mbavu za chini na kurudi, kwa sababu hapo ndo kuna mwendo wa kupiga. Sehemu nyingi za dunia maji yanajaa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa kumoja hadi kwingine ni kama saa 12 na dakika 25, ndo maana kila siku ratiba inasogea mbele kwa karibu dakika 50.

Zidisha hizo dakika 50 kwa siku saba unapata karibu saa sita. Maana yake ni hii: ukikuta leo machweo yameangukia maji yamejaa, usubiri wiki moja tu, jua litazama maji yakiwa yamekupwa. Huhitaji hesabu kubwa zaidi ya hiyo. Ila kumbuka pia bamvua na maji mafu. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo ndo bamvua, maji yanajaa sana na kukupwa sana, na katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, tofauti inakuwa ndogo. Na kwa sehemu moja maji ya bamvua hukupwa karibu saa zilezile kila mara, kwa hiyo kuna fukwe ambazo siku za bamvua jioni zote ni maji yamejaa, na gofu ambalo linaonekana kwa bamvua tu hutalipata machweo hata ufanyeje, utalipata asubuhi au mchana. Angalia jedwali la maji la eneo husika kabla hujaanza kuota. Sehemu kama Mediterania maji hayapandi wala kushuka kwa kiasi cha maana, kwa hiyo ukienda kwenye gofu la Dimitrios lililoko karibu na Gythio, Ugiriki, au Edro III iliyokwama Cyprus mwaka 2011, unachotakiwa kuangalia ni upepo na ukubwa wa mawimbi tu.

Na kama una uhuru wa kuchagua, nenda maji yakiwa yanakupwa, sio yanajaa. Kwanza ni usalama, maana kila dakika inayopita unapata nafasi zaidi badala ya kupungukiwa. Pili mchanga unakuwa safi, maji yameshafuta nyayo za watu wote wa mchana na hakuna aliyekanyaga tena, na tatu chuma kinabaki kimelowa, kutu iliyolowa ina rangi mara mbili ya kutu kavu. Maji yakiwa yanajaa kumbuka kwamba hayaji kwa kasi moja, saa ya kwanza yanasogea kidogo, saa ya tatu na ya nne ndo yanakimbia, katika hizo saa mbili peke yake inaingia karibu nusu ya kiasi chote. Mtu anayetazama skrini ya kamera hawezi kuona maji yamezunguka nyuma yake kwenye kile kibonde alichopitia wakati anakuja. Kabla ya kutega chochote angalia njia ya kurudi, na jiwekee saa ya kuondoka hata kama mwanga bado mzuri.

Vifaa sitavikalia sana. Kamera yoyote inayokubali setingi za mkono, lenzi pana kiasi, mi naona kati ya milimita 24 na 35 kwa sensa kubwa (sensa ni kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea picha) inatosha na hakuna haja ya kwenda pana zaidi maana meli inakuwa kidoti. Tripodi nzito, remoti au ile taima ya sekunde mbili, taa ya kichwani, na vitambaa vya kufutia lenzi, sio kimoja, chukua vinne au vitano maana hewa ya bahari ina chumvi na kitambaa kimoja kikishalowa kazi yake inabaki kupaka tu. Filta za ND, yaani vile vioo vyeusi vya mbele ya lenzi vya kupunguza mwanga, ndo moyo. Nguvu yake inapimwa kwa stopu, kila stopu moja inapunguza mwanga kwa nusu. Ukiwa na pesa ya filta moja tu nunua ya stopu 6, sio ya stopu 10. Najua wengi watakwambia kinyume. Ya stopu 10 inapunguza mwanga mara 1000 hivi na kazi yake ni kufuta maji kabisa au kuvuta mawingu, ya stopu 6 inapunguza mara 64 na machweo inakupa zile sekunde moja, mbili ambazo kwa gofu la meli ndo zenye utamu. Ukiwa na uwezo wa kuongeza, ongeza ya stopu 3, halafu ile ya 10 iwe ya mwisho.

Fika mapema, saa moja na nusu kabla ya jua kuzama sio nyingi. Huo muda sio wa kupiga, ni wa kutembea. Zunguka gofu lote kama maji yanaruhusu, kwa mbali kiasi, uliangalie kutoka omo (mbele ya meli), kutoka tezi (nyuma), kutoka ubavuni. Ubavu mtupu mara nyingi unachosha, unakuwa ukuta. Ukisimama kwa kona, omo ikakujia na tezi ikaondoka, meli inapata kina na mataruma yanaanza kupishana. Halafu inama. Panda. Unachokitafuta ni ule mstari wa upeo wa bahari unakata wapi kwenye meli. Ukipita sawasawa kwenye ncha ya juu ya chuma picha inakufa, kivuli cha meli kinagandana na bahari na umbo linapotea, shusha kamera mpaka sehemu kubwa ya meli iingie angani. Kama gofu lina matundu tafuta pembe ambayo matundu yanaonyesha anga, sio bahari nyeusi, maana baada ya nusu saa chuma chote kitakuwa cheusi na hayo matundu ndo yatakayomwambia mtazamaji kwamba hii ni meli na sio jiwe.

Hapo wakati unazunguka angalia chini. Maji yakipita kwenye chuma yanachimba mchanga pembeni yake na kuacha mashimo, yakijaa maji yanaonekana kama kidimbwi cha kawaida, unaweka mguu unazama hadi kiunoni, na humo chini kuna vyuma vilivyokatika. Usipande juu ya gofu, chuma chenye kutu ya miaka mingi kinaonekana kinene ila kinavunjika hata kwa uzito mdogo, na sehemu nyingi kupanda au kung'oa chochote ni kosa kisheria. Kidonda cha chuma chenye kutu kinataka sindano ya pepopunda, hilo sio la kusubiri.

Sasa kutega tripodi kwenye mchanga uliolowa. Watu wengi wanavuta sehemu nene ya juu ya mguu kwanza, fanya kinyume, vuta zile nyembamba za chini mpaka mwisho ili vifungo vyake viwe juu ya maji, chumvi na mchanga vikiingia kwenye vifungo tripodi inaanza kulia na baadaye inagoma. Tanua miguu, isukume chini kwa nguvu mpaka ikatae, kisha subiri wimbi moja au mawili yapite juu yake kabla ya kupanga picha, kwa sababu kila wimbi linaondoa mchanga chini ya mguu na tripodi inashuka kidogo. Ukipiga sekunde nane wimbi likapita katikati ya hizo sekunde nane, kamera inashuka milimita mbili na meli nzima inakuwa na ukungu, na kwenye skrini ndogo hutaiona mpaka ufike nyumbani. Kwa hiyo baada ya kila picha ya muhimu kuza picha kwenye skrini uangalie ukingo wa chuma. Ukiweza simama pale wimbi linaishia, sio ndani yake. Kuning'iniza begi kwenye tripodi wanasema inaongeza uzito, ni kweli kama hakuna upepo, kukiwa na upepo begi linabembea na linaitikisa kamera yenyewe. Mkanda wa kamera utoe kabisa, upepo unaupiga. Zima stabilaiza ya lenzi au ya sensa, ile ya kuzuia mtikisiko, kamera ikiwa kwenye tripodi wakati mwingine inatafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuleta yenyewe.

Utaratibu wa kupiga ni huu na ufuate kwa mpangilio maana ukiruka hatua moja inakurudisha mwanzo. Weka ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga, uwe wa chini), apacha f/8 au f/11 (tundu la lenzi, namba ikiwa kubwa tundu ni dogo), piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalihariri. Usiende f/22 kwa ajili ya kupata muda mrefu, picha inapoteza ukali, kupunguza mwanga ni kazi ya filta. Filta ikiwa bado haijavaliwa, panga picha, fokasi kwenye chuma, kisha badilisha fokasi iwe ya mkono ili kamera isianze kutafuta tena, na ukiwa na filta ya kuzungusha ivalishe taratibu usije ukasogeza pete ya fokasi. Piga picha moja ya majaribio bila filta uangalie histogramu, ule mchoro wa mgawanyo wa giza na mwanga, chuma kiwe cheusi sawa lakini anga lisiungue. Ukishapata ile kasi ya shata zidisha. Kwa stopu 6 zidisha kwa 64, kwa stopu 10 zidisha kwa 1000. Mfano bila filta umepata 1/30 ya sekunde, kwa stopu 6 ni kama sekunde 2, kwa stopu 10 ni kama sekunde 33. Bila filta 1/8, ya stopu 6 inakupa sekunde 8 na ya 10 inakupa dakika mbili na kidogo. Ukivuka sekunde 30 kamera nyingi zinataka uhamie kwenye modi ya B, ambayo shata inakaa wazi mpaka uifunge mwenyewe, na remoti yenye kufunga. Kama kamera yako ina kioo cha kuchungulia cha zamani, kizibe kwa nyuma, kwa eksposha ya dakika nzima mwanga unaingia kwa nyuma na kuacha doa. Na ile setingi ya kupunguza chengachenga kwa eksposha ndefu izime, inafanya kamera ipige picha nyingine ya giza ya muda uleule, umepiga dakika mbili unasubiri dakika mbili tena huku anga linabadilika mbele ya macho yako.

Tumefika kwenye muda wenyewe. Nitaugawa kadiri maji yanavyobadilika.

Chini ya nusu sekunde maji bado yana umbo, wimbi linaonekana wimbi ila lina manyoya. Inafaa siku bahari imechafuka na mawimbi yanapasuka kwenye omo, kwa 1/4 ya sekunde ule mrusho wa maji unakuwa mkubwa na wenye nguvu, ukipiga sekunde tano mrusho wote unapotea na kubaki ukungu mwepesi ambao hauelezi chochote. Kati ya nusu sekunde na sekunde mbili ndo pangu. Hapo povu linaandika mistari. Siri ni lini unabonyeza, sio sekunde ngapi tu. Usibonyeze wimbi linapokuja, linapokuja linajaza kila kitu cheupe. Subiri lifike mwisho, lisimame, na pale tu linapoanza kurudi baharini bonyeza, maji yanayorudi yanavuta povu kati ya mataruma na kila kipande cha chuma kinachora mkia wake. Mikia hiyo yote inaelekea baharini, inalipeleka jicho kwenye meli na kwenye jua kwa pamoja. Utapiga nyingi sana ili upate moja, hiyo ni kawaida, hakuna mawimbi mawili yanayorudi sawa, na hapa taima ya sekunde mbili inakera maana wimbi halisubiri, tumia remoti.

Sekunde nne hadi kumi na tano ni eneo la hatari, mi naliita hivo kwa sababu mara nyingi halina hiki wala kile, mistari imeshaanza kufutika na maji hayajatulia bado, unapata ubaka ubaka. Ila kuna hali moja inafanya kazi vizuri sana, maji yakiwa madogo yanayotambaa taratibu kuzunguka chuma bila kupasuka. Ukifika sekunde thelathini na kuendelea maji yanakuwa tambarare na hapa ndo ile picha ya kimya, chuma kimoja juu ya kitu kisicho na sura. Inafaa gofu lenye umbo safi na lililo mbali kidogo majini, bila takataka za mbele. Kwa gofu lililovunjika vipande vipande ufukweni naona ni kupoteza, vipande vyote vinabaki vinaelea havijulikani vimekaa wapi. Dakika mbili hadi nne hapo unapigia mawingu zaidi ya maji, na mwelekeo wa mawingu ndo unaamua, yakija kwako au yakiondoka yanachora mistari inayotawanyika kutoka sehemu moja ya upeo, ukiweza panga meli pale mistari inapoanzia, yakipita kwa upande yanakuwa michirizi tu ya kulala. Anga lisilo na wingu hata moja halina cha kupigia dakika nne.

Ukitaka vyote viwili, maji yenye mistari na mawingu yaliyovutika, piga picha mbili bila kugusa tripodi, moja ya sekunde moja kwa ajili ya maji na nyingine ya dakika mbili kwa anga, unaziunganisha kwenye kompyuta. Wapo wanaoona huo ni udanganyifu. Mi sioni tatizo maana zote ni za pale pale na dakika zilezile, ila ukiulizwa sema.

Saa yenyewe inakwenda hivi. Jua likiwa bado juu ya upeo usiliweke wazi kwenye picha ya eksposha ndefu. Jua linasogea umbali wa upana wake kila baada ya dakika mbili hivi, kwa hiyo kwa eksposha ya dakika mbili linakuwa doa refu lililoungua, halina uzuri. Lifiche nyuma ya chuma, sogea nusu hatua kushoto au kulia mpaka lichungulie kidogo tu kwenye ukingo, au subiri lizame. Na usilitazame moja kwa moja kupitia kioo cha kuchungulia cha kamera. Wakati jua linagusa maji, kwa f/11 na ISO 100 utakuwa karibu 1/30 bila filta, kwa hiyo stopu 6 inakupa zile sekunde mbili. Dakika kumi baadaye umeshashuka karibu 1/4, stopu 6 sasa inakupa sekunde 16, nyingi mno kwa maji yenye mistari, toa hiyo vaa ya stopu 3. Baada ya dakika ishirini huhitaji filta kabisa, kamera peke yake inataka sekunde mbili. Hizo namba zinategemea mawingu na uko wapi duniani, karibu na ikweta jua linashuka wima na giza linaingia haraka, ukienda mbali kaskazini au kusini linashuka kwa mshazari na mwanga unakaa muda mrefu, ila mpangilio ni uleule, unavua filta kadiri giza linavyokuja. Watu wanaobaki na stopu 10 mpaka mwisho wanapata picha mbili tatu jioni nzima.

Na kwenye eksposha ya dakika nne baada ya jua kuzama mwanga unaendelea kupungua wakati shata iko wazi, kwa hiyo ile hesabu ya kuzidisha itakupa picha ya giza kidogo. Ongeza theluthi moja ya muda au hata nusu.

Usifungashe jua likishapotea. Wengi wanaondoka hapo, na rangi bora mara nyingi inakuja dakika kumi hadi ishirini baadaye, mawingu ya juu yanapigwa mwanga kwa chini, na baada ya hapo buluu inaingia. Kwenye ile buluu kutu inapendeza kuliko wakati wowote, chungwa la kutu na buluu ya anga vinapingana, tatizo ni kwamba chuma kimeshakuwa cheusi hakionyeshi kutu. Hapo washa taa. Sio ya kichwani kutoka nyuma ya kamera, hiyo inalainisha kila kitu na chuma kinaonekana bapa. Nenda pembeni kabisa, nje ya picha, uimulike meli kwa mshazari ili kila tundu na kila msumari utoe kivuli, tembeza mwanga bila kusimama sehemu moja, sekunde tatu nne kati ya eksposha ya sekunde ishirini zinatosha. Taa yenye mwanga wa njano inaikubali kutu, nyeupe ya kibuluu inaiua. Mkiwa wawili kazi inakuwa rahisi, mmoja kwenye kamera mmoja kwenye taa, na kwa usalama pia ni afadhali.

Kuhusu zile filta za nusu giza nusu wazi za kupunguza anga, kwa gofu la meli sizipendi. Meli inapita juu ya upeo, kwa hiyo filta inalitia giza anga pamoja na nusu ya juu ya chuma, unapata meli ya rangi mbili. Afadhali upige mbili, moja ya anga na moja ya chini.

Simu nazo zinaweza. Kwenye setingi za kitaalamu simu nyingi zinafika sekunde 30, shida ni kwamba apacha yake haifungi kwa hiyo kabla ya giza picha inaungua, njia rahisi ni kuiacha simu kwenye tripodi ipige picha nyingi fupi mfululizo halafu programu izichanganye kuwa moja. Picha 30 za sekunde moja ukizichanganya kwa wastani unapata maji karibu sawa na ya sekunde 30. Hii hata kwa kamera inafanya kazi, na ni mkombozi siku umesahau filta.

Nyumbani kwenye kuhariri usivute sana. Filta za stopu 10 nyingi zinaacha rangi, nyingine buluu nyingine kahawia, rekebisha mizani ya nyeupe kwanza kabla ya kugusa kitu kingine, ndo faida ya RAW. Kivuli cha chuma kifungue kidogo tu, kilikuwa cheusi na mtu aliyekuwa pale alikiona cheusi. Futa vidoti vyekundu na vyeupe vya sensa kupata moto, na madoa ya matone kwenye lenzi, hayo utayapata hata ufute vipi.

Vifaa visikae mpaka kesho. Tripodi ifungue miguu yote, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, sio kuifuta juujuu, iache ikauke ikiwa wazi ndo uifunge. Filta usianze kuzisugua zikiwa na chumvi kavu, chumvi inakwangua kioo, mwagia maji kwanza halafu kitambaa safi. Kamera ipanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa, hasa kuzunguka vitufe na pale lenzi inapofungia, na usibadilishe lenzi mpaka umemaliza kuipangusa.